Johnny Rotten: kijana asiyejua kuimba alifikaje mbele ya maiki ya Sex Pistols?

Kinubi_Butu

Wakuu, salaam.

Namuulizia John Lydon, yule Johnny Rotten wa Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza ya miaka ya 1970. Makala nyingi zinamaliza habari yake kwa mistari mitatu: alionekana mtaani, nywele za kijani, akaingizwa kwenye bendi, nchi ikawaka moto. Katikati hapo pamerukwa mengi. Mnaomfahamu vizuri nisaidieni.

Kwanza, ugonjwa wa utotoni ulimwachia nini? Yale macho ya kukodoa na ule mgongo wa kuinama ni maigizo ya jukwaani au ndio mwili wenyewe?

Pili, walimfanyia usaili gani mtu ambaye hajawahi kuimba popote?

Tatu, "God Save the Queen", singo iliyofungiwa redioni na kukataliwa madukani ilifikaje namba 2 ya chati ya Uingereza?

Na meneja wao, Malcolm McLaren, alimfinyanga huyu kijana au alimwokota ameshaiva?

Naomba tarehe na majina. Stori za vijiweni ninazo tele.

---

Santuri_Kuukuu

Mkuu Kinubi, nianze na ugonjwa, maana hapo ndipo wengi wanapapita mbio.

Lydon alizaliwa London tarehe 31 Januari 1956, mkubwa kati ya wavulana wanne. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland, baba mtu wa Galway, mama mtu wa Cork. Baba alikuwa mwendesha mitambo ya ujenzi. Walikaa kaskazini mwa London, upande wa Holloway na Finsbury Park, familia nzima kwenye vyumba viwili, choo kiko nje. Umaskini wake si wa kutungwa baadaye na watu wa matangazo.

Akiwa na miaka 7 alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipoteza fahamu, akawa mtu wa wodini kwa miezi mingi, karibu mwaka. Matibabu yalikuwa pamoja na kuchomwa sindano mgongoni ili kutoa maji ya uti, na mwenyewe anasema hapo ndipo mgongo wake ulipoanza kupinda. Macho nayo yaliathirika, kwa hiyo ili aone vizuri inambidi ayakaze. Ile sura ya kukodoa inayotisha kwenye picha zote za 1976 imeanzia hapo. Haikubuniwa. Alichofanya jukwaani ni kuacha kuificha, tena akaiongezea chumvi.

Ila jeraha kubwa lilikuwa la kumbukumbu. Alipozinduka hakuwatambua wazazi wake. Kusoma ambako mama yake alimfundisha kabla ya shule kulikuwa kumefutika, akaanza upya. Shuleni wenzake wakamwita zezeta. Ilimchukua kama miaka minne kujipata. Amesimulia kwamba hospitali iliwaagiza wazazi wasimbembeleze. Bora wamkere, maana hasira ingemsukuma kukumbuka. Kwa hiyo ukisikia kiitikio cha "Rise", wimbo wa 1986 wa Public Image Ltd, bendi yake ya baadaye, pale anaporudiarudia kwamba hasira ni nguvu, usidhani ni kaulimbiu ya fulana. Anasema dawa aliyopewa akiwa mtoto.

Jambo jingine dogo: anatumia mkono wa kushoto, na katika shule ya Kikatoliki ya wakati ule hilo lilikuwa kosa la kuchapiwa. Sekondari alisoma William of York, Islington, akafukuzwa akiwa na miaka 15 hivi. Akaenda chuo cha ufundi Hackney, kisha Kingsway. Hackney ndiko alikokutana na John Ritchie, ambaye baadaye ndiye Sid Vicious, mpiga besi wa Sex Pistols. Katika genge lao wote walikuwa kina John: Lydon, Ritchie, John Gray, na John Wardle ambaye ndiye Jah Wobble. Likumbuke hilo la kina John, litakuja kuleta mkanganyiko kwenye usaili.

Nywele nazo zina sababu yake. Baba alichoka na nywele ndefu akamwamuru azikate. Akazikata kweli, hovyohovyo, halafu akazipaka kijani. Ametii amri na ameiharibu papo hapo. Baba akamtimua nyumbani, akaenda kuishi na Sid katika nyumba tupu waliyoivamia Hampstead. Kwa maoni yangu ukiielewa hiyo ya nywele umeshaelewa nyimbo zake karibu zote.

Na pini zile za nguo: anasema zilikuwa za kushikilia tu nguo zilizochanika zisianguke. Kuwa mtindo ni baadaye, watu wa duka la nguo la McLaren walipoziona.

---

Dramu_Mbili

Nachukua la usaili, Santuri kaliacha mahali pazuri.

Kwanza ujue bendi ilikuwapo kabla yake. Steve Jones na Paul Cook walikuwa marafiki wa shule moja magharibi mwa London, na mwanzoni walikuwa na mpiga gitaa anayeitwa Wally Nightingale. Jones ndiye aliyekuwa mwimbaji. Vyombo vyao vingi vilikuwa vya wizi, vingine vilitoka jukwaani Hammersmith Odeon mwaka 1973, wakati wa maonyesho ya mwisho ya David Bowie kama Ziggy Stardust. Glen Matlock, mpiga besi, alikuwa anafanya kazi siku za Jumamosi katika duka la nguo la McLaren na Vivienne Westwood, namba 430 King's Road, ambalo wakati huo liliitwa SEX.

Mwaka 1975 McLaren alirudi kutoka Marekani alikokuwa akiwasaidia New York Dolls, bendi ya roki, katika siku zao za mwisho. Alirudi na vitu viwili. Cha kwanza ni gitaa jeupe la Gibson Les Paul Custom lililokuwa la Sylvain Sylvain wa Dolls. Cha pili ni taswira ya Richard Hell, mwanamuziki wa New York, nywele za miiba na fulana iliyochanwa. Gitaa likaenda kwa Jones, Nightingale akaondolewa, na sasa nafasi ya mwimbaji ikawa wazi. Hapa watu wanakosea sana: wanadhani bendi ilimtafuta mwasi. Bendi ilimtafuta mwimbaji kwa sababu mwimbaji wake kahamia kwenye gitaa. Midge Ure, ambaye baadaye aliimba Ultravox, amesema naye aliguswa na McLaren kuhusu kazi hiyohiyo.

Agosti 1975, Bernie Rhodes, mshirika wa McLaren, ndiye aliyemwona Lydon King's Road. Kilichomsimamisha si nywele peke yake, ni fulana. Ilikuwa ya Pink Floyd, macho ya wanamuziki yametobolewa, na juu ya jina ameandika kwa mkono maneno ya kusema anawachukia. Fulana ile ilikuwa na wazo ndani yake. Mtu amechukua bidhaa ya bendi kubwa kuliko zote akaigeuza tangazo la kuikataa, kwa kalamu tu.

Kuna maelezo kwamba Westwood alikuwa ameshamtajia McLaren kijana mmoja "John" anayekuja dukani, na aliyemkusudia ni Sid. Kina John walikuwa wengi, kama alivyosema Santuri. Akaja huyu.

Wakakutana kwanza katika baa ya Roebuck, karibu na duka. Jones hakumpenda kabisa. Lydon alikuwa anajibu kila swali kwa kejeli. Baadaye wakaenda dukani, ambako kulikuwa na ile mashine ya kuchezesha santuri, na akaambiwa aimbe juu ya "I'm Eighteen" ya Alice Cooper. Hakuna gitaa, hakuna dramu, hakuna aliyempa muda wa kujifunza maneno. Angejaribu kuimba vizuri angekuwa ameshindwa palepale, kwa sababu sauti ya Cooper iko kwenye santuri inamzidi. Alichofanya ni kujikunja, kujitupatupa, kukoroma na kulia kama mtu aliyepagawa. Jones na wenzake wakacheka. McLaren hakucheka. Muda wote huo Lydon alikuwa na miaka 19.

Mazoezi ya kwanza yalipangwa kusini mwa mto Thames. Lydon akaenda. Wenzake hawakutokea. Alikasirika kiasi cha kutaka kuacha, ikabidi abembelezwe. Jina Rotten, yaani kitu kilichooza, alipewa na Jones kwa sababu ya meno yake. Kwa hiyo "alizaliwa nyota" tunaweza kuliweka pembeni.

Onyesho la kwanza: tarehe 6 Novemba 1975, chuo cha sanaa cha Saint Martin's, ambako Matlock alikuwa mwanafunzi. Chuo kilikuwa hatua chache tu kutoka chumba chao cha mazoezi, Denmark Street namba 6. Walikuwa wanawatangulia Bazooka Joe, na mpiga besi wa Bazooka Joe siku hiyo alikuwa Stuart Goddard, ambaye baadaye ndiye Adam Ant. Walipiga nyimbo chache umeme ukakatwa, na wenyeji wao wakawa wanalalamikia vyombo vyao. Nyimbo nyingi zilikuwa za watu: za Small Faces, The Who, The Stooges. Hapo ndipo utamwona Rotten akianza kazi: katika "Whatcha Gonna Do About It" ya Small Faces alibadilisha neno moja, penye kupenda akaweka kuchukia. Ni fulana ya Pink Floyd ileile, safari hii imeimbwa.

---

Kinubi_Butu

Dramu_Mbili, asante mkuu, hilo la Jones kuhamia kwenye gitaa sikulijua kabisa. Sasa sauti. Nikisikiliza namwona hashiki noti, lakini mwingine akiiga inakuwa kelele tupu. Tofauti iko wapi?

---

NziWaUkumbini

Tofauti ni konsonanti.

Wanaomuiga wanapiga kelele kutoka kooni, na baada ya nyimbo tatu sauti imekwisha. Rotten hapigi kelele sana kama unavyodhani. Anaongea kwa puani, karibu na sauti yake ya kawaida ya mazungumzo, halafu kila neno analitafuna. Herufi r anaizungusha kama mhubiri wa kizamani. Mwisho wa mstari, pale ambapo mwimbaji wa kawaida angeshikilia noti, yeye anaipandisha juu au anaiangusha kama mtu anayebeza. Irabu anaivuta mpaka inaharibika. Sikiliza sekunde za mwanzo za "Anarchy in the U.K.": gitaa linaingia, anatoa tamko fupi, anacheka. Kabla ya mstari wa kwanza umeshajua msemaji ni nani.

Jambo la pili ni mwendo. Ukilinganisha na The Damned au Ramones, Sex Pistols hawakimbii. Wako wastani, dramu za Cook zimenyooka, hakuna madoido. Mwendo ule ndio unaompa Rotten nafasi ya kutamka. Bendi nyingi zilizowafuata ziliongeza kasi zikidhani ndiyo ghadhabu, zikaishia maneno yasiyosikika. Hilo kosa lipo mpaka leo.

Tatu, uandishi. Kile kina cha mwanzo cha "Anarchy", cha kuoanisha "antichrist" (mpinga Kristo) na "anarchist" (mpinga serikali), kimashairi ni kibovu na ndiyo maana hakisahauliki. Ili yaoane inabidi neno la pili alilazimishe mdomoni, na kule kulilazimisha ndiko kunakolipa sumu. "God Save the Queen" maneno yake aliyaandika yeye, na mwanzoni iliitwa "No Future". Matlock ndiye aliyekuwa na sikio la melodi na kodi. Ukisikia "Pretty Vacant", hiyo ni kazi ya Matlock zaidi, na amesema mwenyewe gitaa la mwanzo lilitokana na "SOS" ya ABBA. Rotten alipoipata, neno la mwisho la jina la wimbo akalikata vipande viwili, cha pili kikawa tusi ambalo hakuna redio ingeweza kulifungia maana lilikuwa ndani ya neno halali. Hiyo ni akili, si ulevi.

Na juu ya jukwaa: kumbi zile ndogo hazikuwa na spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake. Hujisikii, kwa hiyo noti inakupotea. Mtu anayetegemea noti anaaibika. Anayetegemea maneno na sura, haimuumizi sana. Alishika kisimamio cha maiki kama mtu anayening'inia dirishani, akawakazia macho watu wa mstari wa mbele mmoja mmoja, tena kwa muda mrefu kuliko inavyovumilika. Wengine walirusha bia. Yeye akawashukuru.

---

Mshale_wa_Saa

Mimi nina la chati na marufuku, ila lazima nipitie njia iliyoanzia mbali kidogo.

Februari 1976 waliwatangulia Eddie and the Hot Rods katika ukumbi wa Marquee, wakaharibu vyombo vya wenyeji wao na kufungiwa hapo. Gazeti la muziki la NME likaandika kuhusu Pistols na kuwasahau kabisa Hot Rods, na ndani yake Jones akanukuliwa kwamba wao hawana habari na muziki, wana habari na vurugu. Vijana wawili wa Manchester, waliokuja kujulikana kama Howard Devoto na Pete Shelley wa Buzzcocks, walisoma hayo wakasafiri kusini kuwaona. Kisha wakawaandalia onyesho Manchester, Lesser Free Trade Hall, tarehe 4 Juni 1976, kiingilio senti 50 za pauni. Waliohudhuria ni kama 40. Miongoni mwao Bernard Sumner na Peter Hook, na Hook kesho yake akanunua besi. Bendi yao ikaja kuwa Joy Division. Wanaodai kwamba walikuwepo sasa hivi wanajaza uwanja.

Tarehe 8 Oktoba 1976 wakasaini na EMI, kampuni ya santuri, kwa pauni 40,000. "Anarchy in the U.K." ikatoka tarehe 26 Novemba. Siku tano baadaye, tarehe 1 Desemba, wakaitwa kipindi cha jioni cha Bill Grundy, Thames Television, kuziba nafasi ya Queen waliojitoa. (Ndiyo, Queen ya Freddie Mercury wetu wa Unguja.) Kipindi kilikuwa mubashara na kilionekana eneo la London tu.

Hapa naomba turekebishe jambo. Watu husema Rotten aliporomosha matusi. Rotten alisema neno moja, tena chini kwa chini, kama mtoto anayenung'unika darasani. Grundy ndiye aliyemshikilia alirudie kwa sauti. Akalirudia. Kisha Grundy akaanza kumtania Siouxsie Sioux, msichana shabiki wao aliyesimama nyuma, na ndipo Steve Jones alipofungulia bomba lote, huku Grundy akimchochea aendelee. Kesho yake Daily Mirror likaweka kichwa cha habari kuhusu uchafu na ghadhabu, na ndani yake dereva wa lori aliyepiga teke televisheni yake kwa hasira. Grundy alisimamishwa kazi wiki mbili. Anayekumbukwa ni Rotten, kwa sababu ya sura.

Matokeo yake yalikuja kwa mafungu. Wapakiaji wa kiwanda cha EMI kule Hayes walikataa kugusa santuri. Ziara yao na The Clash, The Damned na Heartbreakers ilikuwa na tarehe kama 20, zikafanyika chache, takriban saba. Derby madiwani walitaka wapigiwe muziki kwanza ndipo waruhusu. Caerphilly, kule Wales, waumini walisimama nje ya ukumbi wakiimba nyimbo za Krismasi. "Anarchy" ikaishia namba 38. Januari 1977 EMI wakavunja mkataba, fedha ikabaki kwa bendi.

Februari Matlock akaondoka, akaingia Sid. Machi 10 wakasaini mezani nje ya kasri la Buckingham na lebo ya A&M. Ndani ya wiki moja A&M nao wakavunja. Malipo: pauni 75,000. Nakala 25,000 za "God Save the Queen" zilikuwa zimeshachapwa, karibu zote zikateketezwa.

Virgin wakawachukua Mei. Kwenye kiwanda cha kuchapa santuri wafanyakazi wakaweka zana chini. Baada ya mivutano singo ikatoka tarehe 27 Mei 1977, siku kumi na moja kabla ya sikukuu ya miaka 25 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti. BBC wakaifungia, mamlaka ya redio za kibiashara nayo ikafunga. Woolworths, Boots na W H Smith wakagoma kuiuza.

Sasa swali lako. Chati ya wakati ule haikuhesabu redio hata kidogo. Ilihesabu mauzo, tena kutoka kwa sampuli ya maduka yaliyokuwa yanajaza daftari la santuri zilizouzwa. Kwa hiyo marufuku ya redio haikuondoa hata nakala moja kwenye hesabu. Kilichoweza kuumiza ni kususa kwa maduka makubwa. Lakini maduka madogo na ya Virgin yenyewe yaliiuza kama maji, na kila taarifa ya habari iliyolaani wimbo ilikuwa tangazo la bure. Baadhi ya maduka yalibandika orodha ya chati yenye pengo jeupe penye jina la wimbo. Pengo lile liliuza kuliko bango.

Namba 1 wiki ya sikukuu ilikuwa ya Rod Stewart. Tuhuma zipo tangu siku ile kwamba hesabu ilichezewa, kwamba kwa wiki hiyo tu maduka yanayomilikiwa na kampuni za santuri yaliachwa nje ya sampuli. Zinabaki tuhuma. Namba 2 ndiyo iliyoandikwa.

---

Kinubi_Butu

Duh. Sasa McLaren. Kwa mfuatano huu wa Mshale inaonekana kama mtu alipanga kila kitu.

---

Santuri_Kuukuu

Hapana mkuu, na hilo ndilo McLaren aliloliuza maisha yake yote. Grundy hakupangwa na mtu, walipewa nafasi kwa sababu Queen hawakuja. Baada ya kipindi kile, kwa maelezo ya waliokuwepo, McLaren mwenyewe alikuwa na hofu. Kipaji chake kilikuwa kuligeuza balaa kuwa habari kesho yake asubuhi. Duka lilikuwa lake na Westwood, jina la bendi lake, na bila yeye wale wanne wasingekaa chumba kimoja. Maneno hayakuwa yake.

Ushahidi mzuri ni kipindi cha Capital Radio cha Julai 1977. Rotten alipewa nafasi ya kuchagua santuri mwenyewe. Wengi walitarajia kelele. Akaleta Can wa Ujerumani, Captain Beefheart, Tim Buckley, Peter Hammill, Neil Young, na rege nyingi: Dr Alimantado, Culture, Augustus Pablo. McLaren alichukia, maana alikuwa anamuuza kama mtu asiye na elimu ya chochote, na hapa kijana anaonyesha kabati la santuri la mtu aliyesikiliza kwa miaka. Ukisikiliza kipindi kile ndipo unaelewa kwa nini mwaka uliofuata alifanya Public Image Ltd na besi nzito ya Jah Wobble. Hakubadilika. Alirudi kwenye alichokuwa anasikiliza.

Gharama nayo ilimwangukia yeye. Tarehe 18 Juni 1977, karibu na studio ya Wessex kule Highbury, akiwa na maprodyuza Chris Thomas na Bill Price, alivamiwa na watu wenye nyembe na visu wakamkata kano za mkono. Siku chache baadaye Paul Cook naye akapigwa. McLaren hakuguswa hivyo. Alikamatwa, ndiyo, katika ile safari ya bendi kwa mashua kwenye Thames tarehe 7 Juni, lakini kukamatwa na kukatwa visu ni vitu viwili.

Na bendi ilipovunjika, baada ya onyesho la Winterland, San Francisco, tarehe 14 Januari 1978, alikuta hata jina Johnny Rotten linadaiwa kuwa mali ya usimamizi. Ndiyo sababu kwenye Public Image Ltd unasoma John Lydon. Kesi yake na McLaren iliisha 1986 na haki zikarudi kwa Lydon, Jones, Cook na warithi wa Sid.

---

Dramu_Mbili

Nakubaliana, ila tusimnyime Jones haki yake. Albamu ya Oktoba 1977 iliyofika namba 1 haina besi ya Sid isipokuwa kidogo kwenye "Bodies". Majira ya kuchipua alilazwa kwa homa ya ini. Matlock yupo kwenye "Anarchy". Kwingine kote Jones alipiga gitaa, akarekodi gitaa jingine juu yake, na jingine, halafu akachukua besi akafuata noti zilezile za gitaa. Besi haitembei, inaongeza uzito tu. Ule ukuta ndio uliomruhusu Rotten kuimba nje ya noti bila wimbo kuanguka. Mweke mbele ya bendi nyembamba, udhaifu wote unaonekana.

---

Kinubi_Butu

Nimeshiba wakuu. La mwisho: zile nakala za A&M zilizonusurika zinatambulikaje? Kuna mtu anatangaza moja mtandaoni.

---

Mshale_wa_Saa

Kuwa makini, za bandia zimejaa. Namba ya A&M ni AMS 7284. Ya Virgin, ambayo ipo nyingi na bei yake ya kawaida, ni VS 181. Zilizonusurika za A&M ni chache mno na zinauzwa kwa maelfu ya pauni, kwa hiyo anayeuza kwa bei ya chini amekwisha kujibu swali lako. Usiangalie lebo ya karatasi peke yake, hiyo inachapwa popote. Omba picha ya karibu ya maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki, pale kati ya mwisho wa mifereji na lebo, pande zote mbili, na uyalinganishe na nakala iliyopita mnadani. Muuzaji akileta visingizio kuhusu kamera, ondoka.

Kama bajeti ni ndogo tafuta "Anarchy" ya kwanza, EMI 2566, kwenye bahasha nyeusi isiyo na maandishi. Geuza upande wa pili: nakala za mwanzo kabisa zilikosewa, zikamwandika Chris Thomas kuwa prodyuza wa "I Wanna Be Me", wakati kazi ile ni ya Dave Goodman.